Kocha mzawa au mgeni? Mjadala wa Taifa Stars usiokwisha

KILA kiti cha kocha mkuu wa timu ya taifa ya soka, Taifa Stars, kinapobaki wazi, vijiwe vya Dar es Salaam hugeuka mabaraza ya usaili. Kuanzia Kipawa hadi Mbagala, Manzese hadi Kinondoni, wauza magazeti, makondakta wa daladala, watumishi wa ofisini na wanafunzi hupitia majina ya wanaotajwa kana kwamba wao ndio watakaotia saini mkataba.

Kipawa ina nafasi yake ya pekee katika mjadala huo. Kata hiyo ya Ilala iko jirani na Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere, mlango ambao makocha kutoka Brazil, Denmark, Uholanzi na Nigeria wameutumia kuingia nchini kwa shangwe na kuondoka kimya kimya. Wenyeji wa hapo wamewaona wakija na kwenda, na swali lao limebaki lile lile: apewe mzawa au mgeni?

Swali hilo ni zito kuliko mabishano ya kahawa. Kocha wa timu ya taifa hulipwa fedha nyingi, na makosa katika uteuzi wake huonekana baada ya miaka, si wiki. Aidha, Septemba 2023 Tanzania, Kenya na Uganda zilipewa kwa pamoja uenyeji wa Fainali za Mataifa ya Afrika (AFCON) za 2027. Mwenyeji hana mahali pa kujificha.

Hoja za kila upande

Wanaotaka mzawa huanza na suala la muda. Kocha wa klabu hukaa na wachezaji wake kila siku, lakini kocha wa timu ya taifa huwapata kwa siku chache tu, pale kalenda ya FIFA inaporuhusu. Kwa sababu hiyo, wanasema, anahitajika mtu anayewafahamu wachezaji tangu utotoni, anayezungumza lugha yao na anayeitazama Ligi Kuu bila kusimuliwa. Huongeza kwamba mshahara wa mgeni mmoja ungeweza kuwasomesha makocha wengi wa vijana.

Wanaotaka mgeni nao wana jibu. Nchi hii imegawanyika kwa Simba na Yanga, na mzawa ni nadra kukwepa kuhesabiwa kuwa wa upande mmoja. Akimwita mchezaji wa klabu aliyowahi kuichezea au kuifundisha, ataambiwa anapendelea. Akimwacha wa klabu nyingine, ataambiwa analipiza kisasi. Mgeni, wanasema, hana deni kwa yeyote.

Hata hivyo, historia inaonyesha kwamba ugeni haumkingi kocha na lawama hizo. Mbrazili Marcio Maximo, aliyeinoa Stars kuanzia 2006 hadi 2010 huku Serikali ya Rais Jakaya Kikwete ikigharimia mshahara wake, alirejesha hamasa kubwa viwanjani na kuifikisha timu katika michuano ya kwanza ya Afrika kwa wachezaji wa ligi za ndani (CHAN) mwaka 2009 nchini Ivory Coast. Lakini uamuzi wake wa kumweka pembeni kipa Juma Kaseja ulizua mabishano yaliyomwandama muda wote wa kazi yake.

Kumbukumbu zinasema nini

Njia nzuri ya kupima hoja hizo ni kutazama ni nani walioipeleka Stars katika AFCON. Kwa mara ya kwanza ilikuwa fainali za 1980 nchini Nigeria, baada ya sare ya bao 1-1 na Zambia mjini Ndola mwaka 1979, bao la Tanzania likifungwa na Peter Tino. Kocha anayekumbukwa kwa mafanikio hayo ni marehemu Joel Bendera, mzawa.

Ilichukua miaka 39 kurudi. Machi 24, 2019 Stars iliichapa Uganda mabao 3-0 jijini Dar es Salaam na kukata tiketi ya fainali za Misri, chini ya Emmanuel Amunike wa Nigeria. Mara ya tatu ilikuwa Septemba 2023, kwa suluhu ya 0-0 ugenini dhidi ya Algeria, chini ya Adel Amrouche, mwenyewe mzaliwa wa Algeria. Mara ya nne ilikuwa Novemba 19, 2024, pale bao la Simon Msuva lilipoizamisha Guinea katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, chini ya Hemed Suleiman 'Morocco', mzawa kutoka Zanzibar.

Wawili wazawa, wawili wageni. Kwa kipimo cha kufuzu, pasipoti ya kocha haijawahi kuwa na uamuzi.

Kipimo cha kufungwa nacho hakina upendeleo. Mholanzi Mart Nooij alitupiwa virago Juni 2015 baada ya kichapo cha mabao 3-0 kutoka kwa Uganda mjini Zanzibar. Akaja mzawa, Charles Boniface Mkwasa. Novemba mwaka huo huo Stars ilitoka sare ya 2-2 na Algeria nyumbani, kisha ikafungwa 7-0 kule Blida siku chache baadaye.

Jambo ambalo kumbukumbu zinalionyesha waziwazi, na ambalo halisemwi sana vijiweni, ni lingine. Makocha watatu walioivusha Stars katika fainali tangu 2019, hakuna hata mmoja aliyeachwa aendelee. Amunike aliachana na timu Julai 2019, mara tu baada ya kupoteza mechi zote tatu nchini Misri. Amrouche aliondolewa katikati ya fainali za Ivory Coast, Januari 2024, baada ya CAF kumfungia mechi 8 kutokana na kauli zake kuhusu Morocco. Hemed, aliyekuwa msaidizi wake, alipokea timu akiwa na Juma Mgunda na kuambulia sare dhidi ya Zambia na Kongo. Akafuzu kwa fainali zilizofuata, akaifikisha timu robo fainali ya CHAN iliyochezwa Agosti 2025 katika ardhi ya Afrika Mashariki, halafu Novemba 2025 TFF ikaachana naye, wiki chache kabla ya AFCON aliyoifuzu mwenyewe.

Mmoja aliondoka baada ya fainali, mmoja katikati, mmoja kabla.

Nafasi ya Hemed ilichukuliwa kwa muda na Miguel Gamondi wa Argentina, na hapo ndipo mgawanyo wa mzawa na mgeni unapopoteza maana. Gamondi ni mgeni kwa uraia, lakini aliipa Yanga ubingwa wa msimu wa 2023/24 na wakati anateuliwa alikuwa akiinoa Singida Black Stars. Alikuwa akiwaona wachezaji wa nyumbani kila wiki. Nchini Morocco, Stars ilifungwa 2-1 na Nigeria, ikatoka sare ya 1-1 na Uganda na nyingine ya 1-1 na Tunisia, ikavuka hatua ya makundi kwa mara ya kwanza katika historia, kisha ikatolewa na wenyeji kwa bao 1-0 Januari 2026.

Ni nani mwenye sifa? Wapo wanaompa Gamondi zote. Wapo wanaosema alivuna shamba lililolimwa na Hemed. Pande zote mbili zina chembe ya ukweli, na kwa sababu hakuna aliyepewa muda wa kulima na kuvuna mwenyewe, ubishi huo hauwezi kumalizwa kwa ushahidi.

Somo kutoka Connecticut

Vijana wa mpira wa kikapu wanalifahamu jina la Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam aliyechaguliwa wa pili katika usajili wa NBA mwaka 2009. Alitokea Chuo Kikuu cha Connecticut, ambako suala la kocha hujadiliwa na mashabiki kwa joto lile lile la Kipawa.

Septemba 2012 Jim Calhoun, aliyemfundisha Thabeet, alistaafu akiwa na mataji 3 ya taifa ya vyuo. Chuo kilimteua msaidizi wake, Kevin Ollie, aliyewahi kuichezea timu hiyo, kwa mkataba wa miezi michache tu. Alipojipambanua akapewa mkataba mrefu, na mwaka 2014 akatwaa ubingwa. Huo ulikuwa ushindi wa 'mzawa'.

Lakini timu iliporudi nyuma, Ollie alifukuzwa Machi 2018. Mwaka 2022 msuluhishi aliamua kwamba hakuondolewa kihalali, na chuo kikaamriwa kumlipa zaidi ya dola milioni 11. Nafasi yake alipewa Dan Hurley, mtu wa nje, ambaye hakutwaa taji hadi mwaka 2023, akarudia mwaka 2024. Mashabiki walisubiri miaka 5.

Hapo kuna mafunzo mawili. La kwanza, mtu wa ndani na mtu wa nje wote wanaweza kushinda. La pili, mkataba ulioandikwa au kuvunjwa vibaya ni deni litakalolipwa hata baada ya kocha kusahaulika.

Maswali yanayostahili kuulizwa

Shabiki anayetaka mjadala wenye tija anaweza kuanza na maswali manne. Je, anayetajwa anawajua wachezaji wa ligi ya ndani na walioko nje? Je, mkataba unasema wazi lengo ni lipi na muda ni upi? Je, kocha ataachwa achague kikosi bila simu za viongozi wa klabu? Na je, wasaidizi wake wazawa watabaki na maarifa hayo siku atakapoondoka?

Swali hilo la mwisho ndilo linalosahaulika zaidi, ingawa Hemed ni ushahidi wa thamani yake. Alikaa pembeni ya mgeni, akajifunza, na timu ilipokosa kocha usiku mmoja katikati ya mashindano, alikuwepo mtu wa kuishika.

Waswahili husema mwenda pole hajikwai. Tangu 2019 Taifa Stars imekwenda mbali zaidi kuliko miaka 39 iliyotangulia, na imefanya hivyo huku ikibadilisha dereva kila kituo. Ni vigumu kujua ingefika wapi kama mmoja wao angeruhusiwa kuendesha safari nzima. Siku kiti kitakapokuwa wazi tena, vijiwe vya Kipawa vitauliza jina la anayekuja. Ni vema vikauliza pia atakaa muda gani.