Bomba la Kuoshea Buti Lisilopasuliwa na Baridi

Katika jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani, ardhi huganda kila mwaka. Kanuni za ujenzi za jimbo hilo huagiza misingi ya nyumba ishuke hadi inchi 60, yaani mita moja na nusu hivi, katika sehemu za kaskazini, na inchi 42 katika sehemu za kusini. Chini ya kina hicho baridi ya majira haitazamiwi kufika. Mkulima wa huko hutoka zizini na buti zilizojaa tope na samadi, wala haifai azioshee jikoni mnamoandaliwa chakula. Lakini bomba la kawaida likiachwa nje na maji ndani yake usiku wa nyuzi 20 chini ya sifuri, asubuhi huenda likakutwa limepasuka.

Jambo hili si la usafi wa sakafu tu. Virusi vya ugonjwa wa miguu na midomo huweza kusafiri katika tope la viatu. Ugonjwa huo ulipoingia Uingereza mwaka 2001, wanyama zaidi ya milioni 6 walichinjwa. Bakteria waletao mnyauko wa viazi nao huhama shamba hadi shamba kwa udongo ulioganda kwenye majembe na viatu. Tena, dawa ya klorini hupoteza nguvu ikikutana na samadi. Kwa hiyo kuosha kwa maji na burashi hutangulia dawa.

Kwa nini bomba hupasuka? Maji yakigeuka barafu hutanuka kwa kadiri ya sehemu 9 katika 100. Wengi hudhani kwamba barafu husukuma ukuta wa bomba papo hapo ilipo. Aghalabu sivyo. Barafu huziba bomba mahali fulani, kisha hukua na kuyabana maji yaliyofungiwa kati yake na koki. Maji hayabonyei kwa urahisi. Kanieneo hupanda mno, na bomba hupasuka penye udhaifu, pengine mbali na barafu yenyewe.

Mtu aweza kufikiri kulifunika bomba kwa matandiko mazito. Matandiko hayazalishi joto. Huchelewesha tu upotevu wake. Ni kweli kwamba maji hayagandi upesi: kilo moja ya maji yenye nyuzi 10 hupoteza kilojuli 42 ili kufikia sifuri, kisha hudaiwa kilojuli 334 nyingine, lile joto fiche, kabla haijawa barafu yote. Lakini majira ya baridi ya Minnesota ni ya miezi, na deni hilo hulipwa lote.

Ufumbuzi uliozoeleka huko ni wa werevu kuliko matandiko. Vali haiwekwi juu penye mkono wa bomba. Huwekwa chini kabisa, katika udongo usioganda. Fimbo ndefu ndani ya bomba la wima huunganisha mkono na vali hiyo. Mkono ukiinuliwa, maji hupanda. Ukishushwa, vali hufunga na wakati huohuo tundu dogo hufunguka chini, na maji yaliyobaki katika bomba la wima huvujia katika shimo la kokoto. Kisichokuwamo hakiwezi kuganda. Sharti ni moja: mpira wa maji usiachwe umeunganishwa na kuzibwa mdomo, maana hewa isipoingia juu, maji hayashuki chini.

Shimo hilo la kokoto lina kazi ya pili. Udongo wa mfinyanzi hushika maji, nao ukiganda huinuka na kung'oa nguzo na mabomba. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba sababu ni kule kutanuka kwa barafu peke yake. Mwanajiolojia Stephen Taber wa Marekani alilijaribu jambo hilo kwa njia iliyo rahisi kuelezwa darasani: aligandisha udongo uliolowa benzini, ambayo husinyaa inapoganda, na udongo bado ukainuka. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1930. Kinachoinua udongo ni tabaka za barafu zinazovuta maji kutoka chini. Kokoto hazivuti maji hivyo, ndiyo maana hufaa.

Jukwaa la kuoshea lenyewe ni jambo jepesi: wavu wa chuma juu ya kokoto, burashi mbili za wima na moja ya chini, na nguzo ya kushika. Sakafu ya saruji haifai, kwani maji yanayorukia juu yake huwa barafu, na mwoshaji huanguka.

Hatari kubwa imejificha kwenye lile tundu la chini. Maji ya samadi yakizama karibu nalo, yataingia katika bomba la wima na kutoka na maji safi siku ya pili. Na vali ikiwa imechakaa, kanieneo likishuka katika mfereji mkuu, uchafu waweza kufyonzwa hadi kwenye maji ya kunywa. Kwa hiyo jukwaa huwekwa mbali na bomba, kwenye mteremko wa chini, likiwa na shimo lake lenyewe, na vali ya kuzuia maji kurudi hufungwa kwenye njia.

Katika nyanda za juu za Afrika Mashariki, kama vile Kitulo iliyo kwenye mwinuko wa mita 2,600 hivi, sakitu huanguka usiku wa Juni hadi Agosti, lakini mchana huyeyusha yote na baridi haizami ardhini. Fimbo ndefu na vali ya kina hazihitajiki huko. Bomba lifukiwe nusu mita, koki ya kufungia iwekwe humo chini ndani ya kisanduku chenye kifuniko, na koki ndogo ya kumwagia iwekwe baada yake. Jioni ya kwanza hufungwa, ya pili hufunguliwa, na koki ya juu huachwa wazi ili hewa iingie.