Betri ya simu mpya inapoisha haraka

Wapendwa wa Vitshumbi na kandokando ya Ziwa Edward, wengi wananunua simu mpya na siku ya pili wanasema betri ni mbovu. Mara nyingi betri ni nzima. Mahali mtandao ni dhaifu simu haitulii: inaongeza nguvu ikitafuta mnara, na kazi hiyo inakula chaji hata ikiwa mfukoni. Mvuvi anatoka jioni na chaji kamili, usiku wa manane simu imezima. Upepo ukivuma hawezi kuita msaada, na nyumbani wanakesha bila habari zake.

Fanyeni hivi. Kabla ya kutoka, elewaneni na nyumbani saa ya kupigiana. Nje ya saa hiyo wekeni simu katika hali ya ndege, na shida ikitokea mnairudisha. Punguzeni mwanga wa kioo. Katika WhatsApp, zuieni video zisijipakue zenyewe. Msiiache juani ndani ya mtumbwi, maana joto linazeesha betri ya lithiamu upesi. Msingoje chaji ifike sifuri. Ikibaki asilimia 20 hivi, chajini. Siku chache za kwanza simu mpya hujipanga, ivumilieni. Lakini betri ikivimba, acheni kuitumia mara moja: inaweza kuwaka moto.

Katika Mathayo 25 wanawali wote kumi walikuwa na taa. Tofauti ilikuwa mafuta ya akiba. Kutunza chaji kwa saa ya hatari ni kuwapenda wanaotungoja nyumbani. Bwana awalinde ziwani.