Wana Wetu Katika Msongamano wa Barabara ya Thika

Barabara kuu ya Thika, yenye takriban kilomita 50 kutoka Nairobi, ilipofunguliwa rasmi na Rais Mwai Kibaki mnamo Novemba 2012, wakazi wa Ruiru na Thika walitaraji kwamba dhiki ya njiani imekoma. Lakini watu waliifuata ile nafuu, mashamba ya kahawa yakakatwa viwanja, na Ruiru, ambayo sensa ya 2009 iliikuta na watu 238,858, ilihesabiwa watu 490,120 katika sensa ya 2019. Njia, ambazo karibu na jiji ni nyingi, hupungua kadiri mtu anavyoelekea Thika, ilhali baipasi ya mashariki humwaga magari yake papo hapo Ruiru.

Mtu mzima aliyekwama peke yake hujiliwaza kwa redio, ama kwa kuwaza mambo ya kesho. Mtoto wa miaka minne hajui robo saa ni nini, ajualo ni kwamba ana njaa na nyumbani hawafiki. Kisha huja lile neno zito, "Mama, mkojo!", hali kituo cha petroli kinaonekana waziwazi, ila kati yake na motokaa pana safu za magari, kingo za chuma, mtaro, na barabara ya pembeni iliyojaa matatu. Ndiyo maana wazazi wazoefu huchukua kopo lenye kifuniko na nguo ya kubadili, na humpeleka mtoto haja kabla ya kuingia njia kuu.

Inayonitia hofu zaidi ni huruma. Mtoto akilia kwamba mkanda unambana, mzazi humfungua, maadamu magari yamesimama. Ghafla msongamano unaachia, magari yanatimua mbio kuelekea Juja, naye angali amesimama katikati ya viti.

Hamaki nayo ina dhuluma yake. Matatu imechomeka mbele, dereva wake amekwisha kwenda zake, na ghadhabu yote humwangukia mtoto aliyemwaga maji kitini, ambaye tangu alfajiri, alipovishwa sare akiwa bado usingizini, hakuwa na hiari katika safari hii.

Nasema kwa dhati kwamba baadhi ya mashaka haya twayachagua wenyewe, tunapokaa Ruiru na kuwasomesha watoto wadogo jijini kwa ajili ya jina la skuli, hali jirani zipo skuli ambazo mtoto angefika kwa miguu akiwa ameshiba usingizi. Mengine si ya mzazi. Reli ilifika Thika tangu 1913 na kupita Ruiru. Laiti treni za asubuhi na jioni zingekuwa nyingi na zenye nafasi, hata yule mama wa matatu, anayempakata mwanawe njia nzima kwa kukosa nauli ya kiti cha pili, angepata mahali pa kumketisha.