Mtoto Mwenye Ulemavu: Wapi pa Kuanzia na Nani wa Kumuendea



Sifa njema zote anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baad.

Baada ya darsa la Alasiri, bibi mmoja alinisubiri mlangoni mwa msikiti. Akaniambia: “Sheikh, mjukuu wangu ana mwaka na miezi minne. Hajakaa, na ukimwita hageuki. Baba yake anasema ni majini, tumsomee tu. Mama yake anataka ende hospitali. Tumsikilize nani?”

Nilimjibu: msomeeni, na kesho asubuhi mpelekeni hospitali. Suala hili naulizwa mara nyingi, kwa hivyo nimeona niieleze njia yote, hatua kwa hatua, ili mzazi ajue pa kuanzia.

Kisomo na tiba havigombani

Mtume (S.A.W.) ametuamrisha tutafute dawa, na ametufundisha kuwa Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi ila ameyawekea tiba, isipokuwa uzee. Ruqya kwa Qur'ani na dua zilizothibiti ni jambo la kheri. Kosa ni kumzungusha mtoto kwa waganga miezi na miaka, kumtundika hirizi na kumfukiza, na huku wakati wa matibabu unapita. Ubongo wa mtoto hukua kwa kasi kubwa katika miaka yake ya mwanzo, na mazoezi anayoyapata wakati huo humfaa zaidi kuliko atakayoyapata akiwa na miaka kumi.

Wala asiambiwe mama kuwa amezaa mtoto huyu kwa dhambi zake au kwa sababu ya ukoo wake. Mtoto hana dhambi ya kuadhibiwa, na hakuna anayebeba mzigo wa mwengine. Surat Abasa ilishuka kwa sababu ya sahaba asiyeona, Abdullah bin Ummi Maktum (R.A.), na yeye ndiye aliyekuwa akiadhini na akaachiwa Madina pale Mtume (S.A.W.) alipotoka safari. Ata bin Abi Rabah, mufti wa Makka katika zama za Tabiina, alikuwa kiguru na ana jicho moja, kisha akapofuka. Watu walikwenda Hija wakimtafuta yeye awafundishe ibada zao.

Kosa langu mwenyewe

Nasema haya nami nikiwa na deni. Miaka mingi nyuma aliletwa chuoni kwangu mtoto wa miaka sita. Nikimwita hageuki, nikimsomea harudii. Nikamuona mkaidi, nikamchapa bakora, si mara moja. Ulipita zaidi ya mwaka mpaka mwalimu wake wa skuli alipowashauri wazazi wakampime masikio. Mtoto alikuwa hasikii. Nilikwenda kwao kumuomba radhi yeye na wazazi wake. Walinisamehe, lakini mwaka ule aliokaa mbele yangu bila ya kuelewa kitu haukurudi. Walimu wenzangu wa vyuo, kabla ya kumwita mtoto mkaidi, ulizeni kama anasikia na kama anaona.

Dalili za kuangalia

Watoto hutafautiana, lakini msingoje mkiona haya: mtoto wa miezi mitatu hatabasamu wala hafuati uso wa mama; hashtuki kwa kishindo; wa miezi tisa hakai; wa mwaka na nusu hatembei wala hatamki neno lolote; au alikuwa akisema kisha akaacha. Kichwa kinachokua kwa haraka, uvimbe mgongoni tangu kuzaliwa, weupe katika mboni ya jicho na degedege ni mambo ya kupelekwa siku hiyo hiyo.

Nyayo zilizopinda kwa ndani tangu kuzaliwa zinatibika vizuri zikiwahiwa. Mtoto hufungwa plasta inayobadilishwa kila wiki kwa wiki kadhaa, kisha huvaa viatu maalumu, zaidi wakati wa kulala, kwa miaka kadhaa. Wazazi wengi huacha viatu wakiona mguu umenyooka, na mguu hurudi kupinda. Fuateni mpaka daktari aseme basi.

Mlango wa kwanza: kituo cha afya

Anzeni kituo cha afya cha karibu, pale mnapochanja. Chukueni kadi ya kliniki, na semeni kwa uwazi: “Mtoto wetu hafanyi hiki na hiki, na tunataka apimwe.” Wahudumu wa afya wa jamii wanaopita majumbani nao waambiwe, msimfiche mtoto chumbani wakija.

Kituo kikishindwa, ombeni barua ya rufaa. Pemba mtaelekezwa hospitali kama ya Chake Chake, Wete au Abdalla Mzee iliyopo Mkoani. Unguja rufaa kubwa ni Mnazi Mmoja. Yako mambo ambayo hupelekwa Dar es Salaam, Muhimbili au CCBRT. Ulizeni masuala matatu kabla ya kutoka: mtoto ana nini, tufanye nini nyumbani, na turudi lini. Karatasi zote zitieni katika mfuko mmoja. Mama anayevuka bahari na mtoto mgongoni asirudishwe kwa kukosa karatasi iliyosahauliwa kabatini.

Mlango wa pili: sheha na ustawi wa jamii

Mtoto aandikishwe kwa sheha kuwa ana ulemavu, na awe na cheti cha kuzaliwa. Asiyejulikana hahesabiwi wakati misaada na vifaa vinapogaiwa. Kwa sheha mtaelekezwa kwa afisa wa ustawi wa jamii wa wilaya. Haya si ya kuomba kwa kujidhalilisha. Zanzibar ilitunga sheria ya haki za watu wenye ulemavu mwaka 2006 na ikaja sheria mpya mwaka 2022, na Sheria ya Mtoto ni ya mwaka 2011. Kama mtoto anateswa, anafungiwa au ametelekezwa, pigeni simu 116, ambayo ni ya huduma kwa watoto.

Mlango wa tatu: jumuiya

Umoja wa Watu Wenye Ulemavu Zanzibar, UWZ, umekuwepo tangu mwaka 1985. Ipo pia Jumuiya ya Watu Wenye Ulemavu wa Akili, ZAPDD, na ziko jumuiya za viziwi na za wasioona. Faida yake kubwa ni kukutana na mzazi aliyekutangulia. Yeye atakwambia vipi kumlisha mtoto asipaliwe, vipi kumkalisha, na fundi gani anatengeneza kiti.

Skuli na chuo

Mpelekeni mtoto maandalizi au kituo cha TuTu kama wenzake. Wizara ya Elimu ina kitengo cha elimu mjumuisho. Mwalimu mkuu akisita, muombeni awaunganishe nacho. Na vyuo vyetu vifungue mlango. Mtoto ambaye akili yake haifahamu amri hana dhambi, kalamu imenyanyuliwa kwake, lakini asizuiwe kukaa na wenzake na kusikia Qur'ani. Mwenye akili timamu na kiungo kibovu atasali kwa kadiri anavyoweza.

Matunzo na zaka

Baba ndiye mwenye wajibu wa matunzo. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, mtoto maskini asiyeweza kuchuma kwa sababu ya ulemavu anabaki juu ya baba yake hata baada ya kubaleghe. Mume anayemkimbia mke kwa sababu ya mtoto kama huyu hakuikimbia hukumu, na mama anayo haki ya kwenda Mahkama ya Kadhi.

Na wenye mali wajue: familia fakiri au maskini yenye mtoto huyu inafaa kupewa zaka. Nauli ya boti kwenda hospitali inaweza kuwa ndiyo inayomzuia mtoto asitembee. Kamati za misikiti ziulize mtaani kuna watoto wangapi wa namna hii, na nani anawasaidia mama zao.

Yule bibi alirudi baada ya mwezi. Mjukuu ameanza mazoezi, na baba yake ndiye anayembeba kumpeleka. Kisomo kinaendelea nyumbani baada ya Magharibi. Bado hajakaa peke yake, lakini shingo imeanza kukaza. Mwombeeni dua.

Wallahu a'lam.