MZIGO ULIOBEBWA NA WOTE
Habari za Ayalandi wakati wa korona: kwa nini watu walitii, na kwa nini baadaye walinung'unika

Kila mmoja wetu anao ukumbusho wake wa mwaka 2020. Wengine wanakumbuka ndoo ya maji na sabuni iliyowekwa mlangoni pa kanisa. Wengine wanakumbuka Misa ambayo watu hawakupeana mikono wakati wa kutakiana amani. Sisi wa Tanzania makanisa yetu hayakufungwa na serikali. Ndugu zetu wa Kenya walifungiwa yao kwa miezi kadhaa. Lakini leo napenda tutazame mbali zaidi, katika nchi ya Ayalandi, ambako tangu Machi 2020 hata Mei 2021 maduka na makanisa yalifungwa mara tatu.

Jina la nchi hiyo si geni kwetu. Wengi wa wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu waliofanya kazi Kenya walitoka huko, na vivyo hivyo wale wa Shirika la Mtakatifu Patrisi lenye makao yake Kiltegan. Tena ni nchi ya watu wenye desturi zinazofanana na zetu: hutembeleana bila kualikana, na mtu akifa kijiji kizima huenda kumsindikiza. Watu wa namna hiyo wakiambiwa wafunge milango, watafanyaje? Hilo ndilo ninalotaka tulitazame, maana lina fundisho kwa kila mwenye kutoa amri na kwa kila mwenye kuipokea.

MILANGO YAFUNGWA

Mgonjwa wa kwanza katika Jamhuri ya Ayalandi alithibitishwa mwishoni mwa Februari 2020. Tarehe 12 Machi, Waziri Mkuu Leo Varadkar, aliyekuwa safarini Washington, alitangaza akiwa huko huko kwamba shule zote zifungwe jioni ile. Siku tatu baadaye vilabu vya pombe navyo vikaombwa kufunga. Tarehe 17 Machi ni sikukuu ya Mtakatifu Patrisi, msimamizi wa nchi, siku ambayo miji na vijiji hufanya maandamano ya shangwe. Mwaka ule maandamano yalifutwa.

Tarehe 24 Machi ikaja amri ya maduka. Duka la chakula, duka la dawa, kituo cha petroli, benki na posta viliachwa wazi. Maduka ya nguo, ya viatu na ya vitabu, pamoja na vinyozi na wasusi, yote yakafungwa. Siku tatu baadaye watu wakaamriwa kukaa nyumbani. Mtu aliruhusiwa kutoka kwa kazi ya lazima, kwa kununua chakula, kwa kwenda kwa daktari, au kwa kunyosha miguu pasipozidi kilomita 2 kutoka kwake. Wazee waliopita miaka 70 waliambiwa wasitoke kabisa. Na maziko yasihudhuriwe na watu zaidi ya 10.

Serikali haikuwaacha watu mikono mitupu. Aliyepoteza kazi kwa sababu ya amri hizi alipewa yuro 350 kwa wiki, na mwanzoni mwa Mei 2020 waliopokea fedha hizo walikuwa kama 600,000, katika nchi yenye watu wapatao milioni 5. Jambo hili yafaa tulikumbuke. Kumwambia mtu akae nyumbani ni rahisi kama ana cha kuweka jikoni. Asiye nacho, amri hiyo kwake ni njaa.

WATU WAITIKA

Basi, watu walifanyaje? Walitii. Polisi walisimama barabarani, ni kweli, lakini hakuna nchi yenye polisi wa kutosha kusimama katika kila njia panda. Watu wengi walijizuia wenyewe, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na mama, babu, au jirani mgonjwa wa kifua ambaye hakutaka kumpelekea ugonjwa.

Tena hawakukaa tu bila kufanya kitu. Vijana wa vilabu vya michezo ya kienyeji, ambao mashindano yao yalikuwa yamesimamishwa, waliwanunulia wazee chakula na kukiacha mlangoni. Posta ilipeleka katika kila nyumba kadi mbili za barua bila malipo, ili watu waandikiane. Wapeleka barua nao walibisha hodi kwa wazee wanaoishi peke yao, kuuliza kama wamelala salama na kama wana haja ya kitu.

Lakini lililonigusa zaidi ni habari za maziko. Mimi ni karani wa parokia, na kazi yangu mojawapo ni kuandika majina ya marehemu katika kitabu. Najua jinsi watu wetu wanavyohesabu waliokuja kuzika, na jinsi familia inavyofarijika ikiona uwanja umejaa. Huko Ayalandi desturi ni hiyo hiyo. Maiti hulazwa nyumbani, majirani wakaja kuaga, kusali na kunywa chai, na siku ya maziko kanisa likafurika. Sasa wakawa watu 10 tu. Fikiri mwenyewe: mama mwenye watoto wanane na wajukuu ishirini, nani aingie na nani abaki nje?

Ndipo watu walipobuni njia. Siku ya maziko majirani walitoka wakasimama kando ya barabara, kila mmoja mbele ya lango lake, wametengana. Gari lenye jeneza lilipopita polepole waliinamisha vichwa na kufanya ishara ya msalaba, kisha wakarudi ndani. Hawakuvunja amri, wala hawakumwacha marehemu aende peke yake. Wahenga wetu walisema kwamba kifo cha wengi ni harusi. Mzigo ulikuwa mzito, lakini ulikuwa juu ya mabega ya wote.

KARAMU YA CLIFDEN

Mwezi wa Juni maduka yalifunguliwa, na tarehe 29 watu wakarudi kanisani, ingawa kwa idadi ndogo. Wengi walidhani taabu imekwisha. Kumbe mwezi wa Agosti ugonjwa ulianza kupanda tena. Tarehe 18 Agosti serikali ikatangaza masharti makali zaidi juu ya watu kukusanyika.

Kesho yake jioni, katika hoteli moja ya Clifden upande wa magharibi wa nchi, watu zaidi ya 80 walikaa kula chakula cha jioni baada ya mchezo wa gofu. Hawakuwa watu wadogo. Walikuwamo wabunge na maseneta, Waziri wa Kilimo Dara Calleary, na Phil Hogan, aliyekuwa Kamishna wa Biashara wa Umoja wa Ulaya.

Habari ilipotoka magazetini, nchi nzima ilichemka. Aliyezika mama yake mbele ya watu 10 aliuliza: je, ugonjwa huu unawaogopa wakubwa? Bwana Calleary alijiuzulu kabla ya siku mbili kupita, na Bwana Hogan akajiuzulu tarehe 26 Agosti. Haki yatutaka tuseme pia yaliyofuata: watu wanne walishtakiwa kwa kuandaa karamu ile, na Februari 2022 mahakama ikawaachilia wote, kwa kuona kwamba walijitahidi kufuata masharti yaliyokuwapo siku ile. Lakini uamuzi huo ulikuja baada ya mwaka mmoja na nusu. Wakati huo moyo wa watu ulikuwa umekwisha kuumia. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na watu walidhani wameona kwa macho ni nani aliyebeba usufi na ni nani aliyebeba mawe.

VIATU VYA MTOTO

Tarehe 21 Oktoba 2020, usiku wa manane, nchi ilifungwa mara ya pili. Maduka yasiyouza vitu vya lazima yakafungwa tena, na watu wakaambiwa wasivuke kilomita 5. Safari hii manung'uniko yalikuwa makubwa zaidi, na mengi yalihusu maduka.

Sababu ni hii. Mwenye duka dogo la nguo mjini alifunga mlango wake, lakini duka kubwa la kujihudumia, linalouza mkate na nguo chini ya paa moja, lilibaki wazi kwa ajili ya mkate. Je, liruhusiwe kuuza na nguo? Kama likiruhusiwa, mwenye duka dogo anafilisika huku akimtazama mkubwa akichukua wateja wake. Serikali ikaona si haki, ikaagiza maduka makubwa yafunge sehemu zile. Basi watu waliingia wakakuta nguo, viatu na vitu vya kuchezea vya watoto vimezungushiwa utepe, vinaonekana lakini haviuzwi.

Sasa wakanung'unika kina mama. Mtoto haachi kukua kwa sababu ya korona, na baridi ya Ayalandi haina huruma. Pombe ya kupeleka nyumbani iliruhusiwa kuuzwa. Hivyo mtu aliyeingia dukani aliweza kutoka na chupa ya divai, asiweze kutoka na soksi za mtoto. Amri ilitungwa kwa nia ya kumtendea haki mwenye duka dogo, nayo ikamwumiza mzazi. Hapa tunajifunza kwamba kutunga amri kunataka zaidi ya nia njema. Sharti mtunzi ajiulize: mama mwenye watoto watatu ataionaje?

JANUARI, NA MAKANISA MATUPU

Maduka yalifunguliwa tarehe 1 Desemba, na makanisa pia, ili watu wapate Noeli. Watu walitembeleana, wakala pamoja. Lakini ugonjwa nao ulikuwa umealikwa. Katikati ya Januari 2021 wagonjwa wa korona waliolazwa hospitali walifika kama 2,000, na waliokufa mwezi huo walipita 1,000. Kwa siku chache Ayalandi ilikuwa miongoni mwa nchi zenye maambukizo mengi kuliko zote duniani kwa kulinganisha na idadi ya watu. Kwa hiyo asitokee mtu wa kusema kwamba amri zile zilikuwa mchezo. Maduka yalikuwa yamekwisha kufungwa mara ya tatu, na safari hii yalikaa hivyo mpaka Mei.

Katika miezi hiyo mirefu subira ya watu ilipungua. Tarehe 27 Februari 2021 waandamanaji walikusanyika Dublin karibu na mtaa wa Grafton, na wengine wakawarushia polisi fataki. Watu 23 walikamatwa. Waayalandi wengi walilaani kitendo hicho, hata wale waliokuwa wamechoka.

Waumini walikuwa na uchungu wa namna yao. Pasaka mbili mfululizo, ya 2020 na ya 2021, makanisa yalikuwa matupu, na watu walifuata Misa kwa redio au kwa intaneti. Padre mmoja wa parokia katika wilaya ya Cavan alisema Misa mbele ya waumini, akaletewa faini ya yuro 500. Mwezi wa Aprili 2021 serikali ilitoa kanuni mpya, na Askofu Mkuu Eamon Martin wa Armagh akalalamika waziwazi kwamba ilikuwa kali kupita kiasi na kwamba Kanisa halikushauriwa. Lakini maaskofu hawakuwaambia watu wavunje sheria. Walikwenda kuonana na waziri, wakasema yao, wakangoja. Tarehe 10 Mei 2021 milango ya makanisa ilifunguliwa kwa Misa, na wiki moja baadaye maduka yote. Amri karibu zote ziliondolewa Januari 2022.

TUJIFUNZE NINI?

Wasomaji wapenzi, tukizipima habari hizi tunaona jambo moja. Watu wale walivumilia kufungiwa maduka, kukosa kazi, hata kuzika wapenzi wao bila umati, wakati walipoamini kwamba sheria ni moja kwa mkubwa na kwa mdogo. Mioyo yao ilianza kuvunjika walipodhani kwamba imekuwa mbili. Bwana wetu aliwakaripia wale waliowatwika wengine mizigo mizito, wasikubali wenyewe kuigusa hata kwa kidole. Karipio hilo halikuwa la Mafarisayo peke yao.

Nasi kwetu siku za amri huja. Kipindupindu kikiingia, mama lishe huambiwa wafunge. Ugonjwa wa ng'ombe ukizuka, mnada hufungwa. Siku hiyo mwenyekiti wa kijiji aanze na banda la mke wake na ng'ombe wake mwenyewe, kisha aende kwa jirani. Aende pia akaulize, yule aliyefungiwa leo atakula nini kesho. Na sisi tulio wadogo tusimnong'oneze mwenyekiti atufungulie mlango wa nyuma, maana mlango wa nyuma ukifunguliwa kwa mmoja, amri imekufa kwa wote.

Hata nyumbani ni vivyo hivyo. Baba akiwakataza watoto pombe huku mwenyewe anarudi amelewa, kila neno lake ni kelele. Lakini baba anayefunga Kwaresima pamoja na watoto wake hana haja ya fimbo. Wanaona sahani yake.