Washonaji wa Viraka

Katika mji wa Goma, kando ya ziwa Kivu, mafundi wa nguo ni wengi. Wako katika soko la Virunga, wako kando ya barabara, wako katika vibaraza vya nyumba za mbao. Fundi akikata kitenge, vipande vidogo huanguka chini, vingine havizidi kiganja cha mtoto. Mtu mvivu huvifagia pamoja na takataka. Mshonaji mwerevu huviokota na kuviweka katika mfuko.

Vipande hivyo huwa viraka. Kwanza hukatwa sawasawa, kila kimoja pande nne. Kisha huungwa viwili viwili, halafu safu kwa safu, hata viwe kitambaa kimoja kikubwa. Chini yake hutandikwa pamba au blanketi kuukuu, na chini kabisa kitambaa kizima. Matabaka hayo matatu hushonwa pamoja kwa sindano toka upande mmoja hata wa pili, yasije yakateleza. Hilo ndilo blanketi la viraka, ambalo huitwa pia mfarishi. Goma iko juu, mita 1,500 hivi kupita bahari, na usiku baridi huuma.

Mishono yake ni maelfu. Mtu peke yake huchoka, macho humwuma, huiacha kazi nusu. Lakini wanawake wakikaa kuizunguka, kila mmoja na upande wake, kazi hutembea pamoja na maneno na kicheko. Mmoja husema: «Mama, nigawie kile cha manjano, nawe chukua hiki changu cha buluu.» Basi kila blanketi huwa na viraka vya nyumba nyingi. Hiki kilibaki katika nguo ya arusi, hiki katika gauni la komunyo ya kwanza. Mtoto mwenye macho mazuri humtungia bibi uzi katika sindano.

Hata katika nchi za mbali watu hushona hivyo. Huko Gee's Bend, jimbo la Alabama, Marekani, wanawake weusi walishona mablanketi kwa nguo kuukuu za shamba, maana nyumba zao zilipitisha upepo. Mwaka 1966 wanawake wa wilaya hiyo waliungana katika chama ili wauze kazi yao pamoja.

Goma ilijaribiwa vikali. Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulipasuka. Mawe yaliyoyeyuka yalishuka kama mto wa moto, yakapita katikati ya mji, yakateketeza maelfu ya nyumba na hata kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Watu wengi sana walikimbilia Gisenyi, katika nchi ya Rwanda. Na cherehani ni chuma kizito! Mama mwenye mtoto mgongoni ataibebaje? Fundi aliyepoteza yake hana njia ila kumwendea mwenzake. Cherehani moja yaweza kulisha nyumba mbili: asubuhi hushona mwenyewe, alasiri rafiki yake. Hata hospitali ya HEAL Africa, mjini humo, iliwafundisha kushona wanawake waliokuwa wakingoja kupasuliwa, ili wasirudi kwao mikono mitupu.

Tena washonaji wengi hucheza likelemba. Ikiwa wako kumi, na kila mmoja atoa franka 2,000 kwa juma, mmoja wao hupokea 20,000. Juma lifuatalo ni zamu ya mwingine, hata wote wapate. Hesabu haizidi hata franka moja. Lakini 2,000 huishia katika chumvi na sabuni, na 20,000 hununua kitenge cha kushona na kuuza. Aliyepokea kwanza angeweza kutoroka. Kwa hiyo mgeni huwekwa nyuma mpaka ajulikane. Na mama ambaye mtoto wake ni mgonjwa akiomba, mwenye zamu humwachia.