Usinunue Kompyuta ya Michezo kwa Macho

Mzazi, mwanao akikusihi umnunulie kompyuta ya michezo, usitumbukize karo yote katika mpya. Luthuli Avenue kuna Dell na HP za mezani zilizokwisha tumika ofisini ng'ambo, na bei yake ni nafuu. Ila chagua lenye kasha kubwa la kusimama. Kasha jembamba halipokei kadi pana ya picha, na umeme wake ni haba. Kadi ya wati 75, mfano GTX 1650, yaweza kutosha.

Uliza pia prosesa. Huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma Oktoba 14, 2025, nayo Windows 11 kwa kawaida hudai Intel ya kizazi cha 8 kwenda mbele.

Iwashe papo hapo, ujaribu mchezo, udai risiti, ndipo upande matatu ya Kangemi. Rahisi huwa ghali!